Mzigo Uliobebeka: Filamu ya Sholay katika Njia ya Tabora

Ijumaa ya tarehe 15 Agosti 1975, siku India ilipokuwa ikiadhimisha uhuru wake, filamu iitwayo Sholay ilianza kuonyeshwa mjini Bombay. Mwongozaji wake alikuwa Ramesh Sippy. Mswada uliandikwa na Salim Khan na Javed Akhtar, ambao walikuwa wameandika pamoja kiasi kwamba majina yao yalitamkwa kana kwamba ni jina la mtu mmoja. Upigaji picha ulianza Oktoba 1973 katika majabali ya Ramanagara, kusini mwa India, ukachukua muda mrefu na kumeza fedha nyingi. Watu wa biashara ya sinema walipoona viti vya siku za mwanzo, walianza kuwatabiria wenyewe hasara.

Wahakiki nao hawakuwa na huruma. Neno sholay maana yake ni makaa yawakayo au miali ya moto. Mhakiki wa jarida la India Today akaligeuza jina hilo dhidi ya filamu yenyewe, akaiita kaa lililokwisha kuzimika. Mwenzake wa jarida la Filmfare aliona kwamba ni mwigo wa filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani, ambao haukufika huko ulikoigwa wala haukubaki nyumbani. Zawadi za Filmfare zilipotolewa, Sholay ilipata moja tu, ya uhariri. Zawadi ya filamu bora ilikwenda kwa Deewaar, ambayo nayo iliandikwa na Salim na Javed haohao.

Kilichofuata ni habari inayojulikana. Maneno ya watu yalishinda maneno ya magazeti. Katika ukumbi wa Minerva mjini Bombay, Sholay ilionyeshwa kwa zaidi ya miaka mitano. Mwaka 2005, jarida la Filmfare lenyewe, ambalo mhakiki wake aliikebehi, liliitangaza kuwa filamu bora ya miaka 50. Huku kwetu Afrika Mashariki ilipenya hadi miji ya bara, ikatazamwa na watu ambao wengi wao hawakujua Kihindi, na hadi leo ukitaja jina la Gabbar Singh mbele ya wazee wa Tabora waliokuwa vijana wakati ule, utaona nyuso zinachangamka.

Swali langu katika makala haya ni la kihistoria, lakini linawahusu washairi: kwa nini kazi iliyodharauliwa na wajuzi inadumu, tena ikidumu katika lugha isiyokuwa yake? Jibu langu ni kwamba wahakiki waliuliza Sholay imetoka wapi, ilhali watazamaji waliuliza inabebeka vipi na inatufaa kwa lipi. Tabora, mji uliojengwa juu ya migongo ya wapagazi, ni mahali pazuri pa kulichunguza jibu hilo.

Hadithi kwa ufupi

Kwa wale ambao hawajaiona, au waliiona zamani wakasahau, nisimulie kwa maneno machache. Thakur Baldev Singh ni ofisa wa polisi mstaafu. Jambazi Gabbar Singh, aliyewahi kukamatwa naye, alitoroka gerezani, akaiua familia yake, kisha akamkata mikono yote miwili. Gabbar na watu wake wanaishi majabalini na kuwatoza nafaka wanakijiji wa Ramgarh. Thakur, badala ya kuliendea jeshi la polisi, anawaajiri wezi wawili wadogo wadogo aliowahi kuwaona wakionyesha ushujaa: Jai, mkimya, aliyeigizwa na Amitabh Bachchan, na Veeru, mwenye maneno mengi, aliyeigizwa na Dharmendra. Anawataka wamletee Gabbar akiwa hai. Kuna Basanti, mwanamke mwendesha gari la farasi asiyenyamaza, na kuna Radha, mkwe wa Thakur, mjane asiyesema. Mwishoni Jai anakufa.

Kabla ya hayo yote, kuna pikipiki. Marafiki hao wawili wanatokea barabarani wakiwa juu ya pikipiki ya BSA, aina iliyotumiwa sana na jeshi la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, yenye kiti cha pembeni chenye gurudumu lake. Wanaimba juu ya urafiki usiovunjika. Sauti ni za Kishore Kumar na Manna Dey, muziki ni wa R. D. Burman na maneno ni ya Anand Bakshi. Wanabadilishana usukani, mmoja anapanda mabegani mwa mwenzake, kile kiti cha pembeni kinachomoka na kushika njia yake. Kijana wa leo wa Tabora aliyezoea kuona bodaboda ikipakia abiria watatu kwa mtindo wa mishikaki hatastaajabu. Kijana wa miaka ya 1970, ambaye pikipiki aliyoijua ilikuwa ya padri, ya bwana shamba au ya mkaguzi wa elimu, alistaajabu sana. Alikuwa anaona chombo cha wakubwa kikiendeshwa na wezi wawili wasio na kitu, kwa furaha tupu.

Hata jina la chombo hicho katika lugha yetu ni la kusikia: pikipiki ni mlio wake wenyewe, na wapo waliokiita tukutuku kwa sababu hiyohiyo. Msemaji wa Kiswahili alikipa jina kwa sikio, hakungoja mtaalamu wa istilahi. Jambo hili dogo nitalirejea, kwa kuwa ndivyo ilivyopokewa Sholay nzima.

Njia iliyozoea mizigo

Filamu ya Kihindi haikufika Tabora kama mgeni asiye na mwenyeji. Burton na Speke walipoingia Kazeh, katika nchi ya Unyanyembe, Novemba 1857, walikuta makazi ya wafanyabiashara wa pwani yaliyokwisha kukomaa. Mwarabu Snay bin Amir aliwapokea, na jina la Musa Mzuri, mfanyabiashara kutoka India, lilikuwa maarufu mahali hapo. Njia iliyotoka Bagamoyo ikapita Ugogo, ikafika Tabora na kuteremka hadi Ujiji, ilipitisha vitambaa na shanga zilizotoka India na Ulaya, na kurudisha pembe za ndovu. Njia hiyohiyo ilipitisha watumwa, na hilo halifai kusahauliwa na yeyote anayeisifia.

Wengi wa waliobeba mizigo ya biashara walikuwa Wanyamwezi, watu wa ujira walioifanya kazi hiyo kuwa fahari ya ujana. Mzigo wa mpagazi kwa kawaida ulikaribia frasila mbili, yaani kama kilo 32. Ulipimwa na kufungwa kabla ya safari, kwa sababu mzigo uliofungwa vibaya ulimuumiza mtu bega kabla ya kufika kambi ya kwanza. Mbele alitangulia kirangozi, na nyimbo zilisaidia hatua. Wapagazi waliporudi makwao hawakurudi na vitambaa tu. Walirudi na maneno. Kiswahili kilifika Unyamwezi kwa midomo ya watu hao, muda mrefu kabla ya shule na serikali. Mengine ya maneno hayo yalibadilika tabia baada ya safari: hongo, ambayo ilikuwa ada aliyolipwa mtawala ili msafara upite katika nchi yake, leo ni rushwa.

Wajerumani walipojenga Reli ya Kati, walifuata kwa sehemu kubwa mkondo wa njia hiyo ya zamani. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Treni ikachukua kazi ya mabega, na baadaye katika mabehewa yake yakapakiwa pia makopo ya mikanda ya filamu, yaliyotoka Dar es Salaam kuelekea kumbi za miji ya reli. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Kwa hiyo katika miaka ya 1970 na 1980, mtu wa Tabora aliyetaka kuona dunia ikitembea alikwenda sinema, na sinema aghalabu ilikuwa ya Kihindi. Mkanda ulipofika bara ulikuwa umekwisha kupita kwingi. Ulikuwa na mikwaruzo, ulikatika katikati, taa zikawashwa, watu wakapiga miluzi, ukaungwa, safari ikaendelea.

Kusikia lugha usiyoijua

Jambo ambalo wahakiki wa Bombay hawakuweza kulifikiria ni mtazamaji asiyejua Kihindi. Kwao, maneno ya Salim na Javed yalikuwa kitu cha kupimwa kwa maana yake. Kwa mtazamaji wa Tabora, yalikuwa kwanza sauti. Hata hivyo hakuwa kiziwi kabisa. Kihindi na Kiswahili vimekunywa katika visima vya Kiarabu na Kiajemi, kila kimoja kwa wakati wake, na sikio la Mswahili lilinasa neno hapa na pale: duniya ikawa dunia, khabar ikawa habari, waqt ikawa wakati, kitab ikawa kitabu. Na neno insaaf, ambalo halikauki katika filamu za Kihindi, ni ndugu wa insafu yetu, yaani haki na uadilifu. Mtu alikaa kizani akaokota maneno haya kama aokotaye maembe yaliyodondoka, akajaza kikapu kilichobaki kwa macho yake.

Walioiona walitoka na kuwasimulia ambao hawakuwa na nauli wala kiingilio. Hapa ndipo Sholay ya Kiswahili ilipozaliwa. Haikuwa tafsiri, maana tafsiri huhitaji lugha mbili. Ilikuwa usimulizi, unaohitaji lugha moja na kumbukumbu nzuri. Kijana mmoja alikuwa Gabbar, akatembea huku na huko juu ya jiwe akiburuta mkanda wake, akawauliza watu wake kwa sauti ya taratibu ni maadui wangapi waliowashinda. Swali hilo katika filamu ni fupi mno, maneno matatu tu, na linaulizwa na mtu anayejua jibu. Ndiyo maana linatisha. Msimulizi wa Tabora hakuhitaji kufundishwa ufundi huo. Aliunyamazia ukimya wa Gabbar mahali palepale.

Huko India nako maneno yaliishi mbali na picha. Kampuni ya Polydor ilitoa santuri ya mazungumzo ya Sholay, si nyimbo zake tu, na watu wakainunua ili wakae nyumbani wasikilize watu wanavyosemezana. Sauti ya Amjad Khan, aliyeigiza Gabbar, iliwahi kutiliwa shaka wakati wa utengenezaji kwamba ni nyembamba mno kwa jambazi. Sauti hiyo ndiyo iliyokuja kuigwa kuliko zote.

Nilifundisha fasihi ya Kiswahili katika sekondari kwa miaka mingi, na niliwahi kuwa na wanafunzi waliosahau shairi la beti sita waliloamriwa kulikariri Jumatatu, lakini wakasimulia filamu ya saa tatu, tukio kwa tukio, bila kuruka kitu. Baadhi yetu walimu tuliliona hilo kuwa uvivu wa akili. Kwa maoni yangu lilikuwa kipimo cha ufungaji wa mzigo. Kilichofungwa vizuri kilibebwa.

Tazameni, kwa mfano, sarafu ya Jai. Kila linapotokea jambo la kuamua, Jai anarusha sarafu juu na kuidaka, na uamuzi unafuata upande uliotokea. Tukio hili linarudiwa tangu mwanzo, hata mtazamaji analizoea na kulichukulia kama mchezo. Jai anapokaa nyuma ili rafiki yake aokoke, sarafu imeamua hivyo pia. Baada ya kifo chake, Veeru anaiokota, anaigeuza, na kugundua kwamba pande zote mbili zinafanana. Hakuna lililowahi kuamuliwa kwa bahati. Mshairi yeyote anakitambua kifaa hiki: ni kibwagizo. Kinarudi kila ubeti kwa maneno yaleyale, na katika ubeti wa mwisho, bila kubadilika hata silabi moja, kinabeba maana ambayo hakikuwa nayo. Vijana wetu wanasema stelingi hafi. Jai alikufa, na hawakuikasirikia filamu kwa kuwavunjia kanuni, kwa kuwa ile sarafu ilikuwa imewaandaa muda wote bila wao kujua.

Shutuma ya kuiga

Tuwe wakweli kwa wahakiki. Waliposema Sholay imekopa, hawakusema uongo. Mauaji ya familia ya Thakur yanafanana na tukio la filamu ya Sergio Leone, Once Upon a Time in the West. Wazo la kijiji kinachowaajiri wapiganaji ili kijilinde dhidi ya wanyang'anyi linajulikana tangu Seven Samurai ya Akira Kurosawa ya mwaka 1954. Jambo la kubishaniwa ni hukumu waliyoitoa baada ya ugunduzi huo, kana kwamba kukopa kunatosha kuiua kazi.

Sisi wa Kiswahili hatuwezi kukubali kanuni hiyo bila kujikata tawi tulilokalia. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728 na Bwana Mwengo, unasimulia habari za vita zilizotoka katika visa vya Kiarabu. Wahusika si wa Pate, mahali si Pate, adui si adui wa Pate. Lakini mizani ni yetu, vina ni vyetu na kicho cha msimulizi ni chetu, wala hakuna mtu mwenye akili atakayeuita utendi huo mwigo usiofika kokote. Karibu na nyumbani zaidi, Julius Nyerere, ambaye alisoma Shule ya Serikali ya Tabora na baadaye akafundisha St. Mary's mjini humohumo, alimvika Shakespeare nguo za Kiswahili katika Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Shakespeare naye hadithi hizo hakuzibuni. Alizikuta kwa waliomtangulia.

Kwa hiyo swali la asili ni halali, lakini ni swali la forodhani. Linataka kujua shehena imetoka bandari gani. Anayengojea bara ana swali jingine: imefika nzima, na itanifaa?

Nani atakilinda kijiji

Hapa nafika kwenye sababu ninayoiona kuwa ya uzito kuliko zote, na ambayo ni ya Unyamwezi hasa.

Miaka ambayo Sholay ilikuwa ikizunguka katika kumbi za bara ilikuwa miaka ya dhiki. Vita dhidi ya Idi Amin vya 1978 na 1979 viliiacha nchi imechoka. Bidhaa ziliadimika, silaha zilisambaa, wizi wa ng'ombe na unyang'anyi wa barabarani ukaongezeka. Kituo cha polisi kilikuwa mbali, na mara nyingine mtuhumiwa alirudi kijijini kabla ya aliyemshitaki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanavijiji wa sehemu za Kahama, jirani ya Tabora upande wa kaskazini, walianza kujiunda katika vikundi vya ulinzi vilivyokuja kujulikana kama sungusungu, na vikaenea haraka Usukuma na Unyamwezi. Silaha zao zilikuwa upinde na mishale, na yowe la kuitana. Vikundi hivyo vilikuwa na mizizi katika desturi za wenyeji. Sisemi hata kidogo kwamba vilitoka sinema. Nasema kwamba mtu aliyetoka katika kijiji cha namna hiyo, akaja mjini kuuza tumbaku yake, akaingia sinema, aliwaona wanakijiji wa Ramgarh wakimpimia Gabbar nafaka na hakuhitaji mkalimani.

Sungusungu walirudisha ng'ombe, na watu wakalala usingizi. Lakini historia yao ina upande wa pili. Vipo vikundi vilivyowapiga na kuwaua watuhumiwa bila mahakama, na miongoni mwa walioteseka walikuwamo wanawake wazee waliosingiziwa uchawi. Serikali iliviunga mkono, ikavionya, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ikarekebishwa ili kuvipa nafasi ya kisheria. Swali lililobaki, na lingali lipo kila kibaka anapokamatwa sokoni na mtu kuanza kutafuta tairi, ni hili: nani mwenye haki ya kuadhibu?

Swali hilo ndilo mwisho wa Sholay, na mwisho huo una historia yake. Katika mwisho uliopigwa kwanza, Thakur asiye na mikono anamuua Gabbar kwa kumkanyaga kwa viatu vyenye misumari. India wakati huo ilikuwa katika hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya Indira Gandhi Juni 1975, na bodi ya ukaguzi wa filamu haikuridhia kuona aliyekuwa ofisa wa polisi akijichukulia sheria mkononi. Sippy akalazimika kupiga mwisho mwingine: polisi wanatokea dakika ya mwisho, wanamkumbusha Thakur wajibu wa sheria, na Gabbar anachukuliwa akiwa hai. Huo ndio mwisho uliosafiri duniani mwaka 1975. Ule wa kwanza ulikuja kujulikana baadaye kwa njia ya video, na Juni 2025 filamu iliyorejeshwa ikiwa na mwisho huo ilionyeshwa Bologna, Italia.

Watu wawili walioziona nakala mbili tofauti wanaweza kubishana hadi alfajiri kama Gabbar alikufa au hakufa, na wote wawili wakawa sahihi. Lakini ubishi wao si wa picha tu. Mmoja anasema Thakur alistahili kumaliza kazi yake. Mwingine anasema akimaliza yeye, kesho nani atamzuia mwenye kisasi kisicho cha haki? Nimesikia ubishi huu ukianza na Gabbar na kuishia kwa mwizi wa ng'ombe wa kijiji kinachojulikana, kwa jina lake na la baba yake. Filamu inayoweza kuwapa wakulima wa tumbaku lugha ya kulijadili jambo hilo bila kutukanana si kaa lililozimika.

Sauti juu ya sauti

Zama za kumbi zilipopita, vikaja vibanda vya video, na ndani yake fani mpya: mtu anayeisimulia filamu ya kigeni kwa Kiswahili wakati huohuo inapoonyeshwa. Tanzania ilimpata Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu. Kenya ina DJ Afro. Uganda wapo wengi wanaofanya hivyo kwa Kiganda. Kila mmoja anaongezea methali, anawapachika wahusika majina ya mitaa yetu, anamkemea adui, anamwonya shujaa asiyesikia. Wapenda lugha fasaha wameibeza fani hii kama wahakiki walivyoibeza Sholay, na kwa hoja ileile: si asilia, si sahihi, ni mchanganyiko.

Naomba waifikirie upya. Kiswahili cha bara chenyewe kilibezwa na watu wa pwani kwa madai hayohayo, kwamba ni lugha iliyopindwa na wapagazi. Leo ndicho kinachozungumzwa kutoka Morogoro hadi Kigoma na kuvuka ziwa hadi Kongo. Sisemi kila kilichopendwa na wengi ni kizuri. Zipo filamu nyingi za Kihindi zilizojaza kumbi wiki mbili na hakuna anayezikumbuka. Umati pekee hauhifadhi kitu. Kinachohifadhiwa ni kile ambacho mtu anaweza kukitoa kizani akakipeleka mwanga wa mchana, akakisema kwa ulimi wake mwenyewe kwa asiyekuwapo, na huyo naye akakihitaji.

Washairi wetu wana chombo ambacho Salim na Javed wangekitamani. Mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani 16, nane kwa nane, kipimo ambacho pumzi ya mtu inakimudu bila kutweta. Hatuna upungufu wa vipimo. Mara nyingine tuna upungufu wa shehena: tunafunga kwa ustadi mkubwa furushi ambalo hakuna anayelingojea mwisho wa njia.

Na ipo kazi ya haraka kuliko kutunga. Walioiona Sholay katika kumbi za Tabora, Nzega, Urambo na Kigoma wakiwa vijana sasa ni wazee. Kanda za wasimulizi wa vibandani zinaliwa na vumbi na joto. Filamu yenyewe imepata wakombozi huko Bombay na Bologna. Sholay ya Kiswahili, ile iliyosimuliwa chini ya mwembe na watu wasiojua Kihindi, haina ghala jingine isipokuwa vichwa vya wazee hao. Ukimwona mmoja wao jioni hii, mwamkie, kaa naye, umwombe akusimulie habari za marafiki wawili wenye pikipiki. Mwache amalize kwa mwisho anaoutaka yeye. Kisha uandike kama alivyosema, bila kumsahihisha.